Jedwali Lisilouliza Jana

Yako maandishi ambayo hakuna mhakiki anayeyagusa. Riwaya huhakikiwa, diwani huhakikiwa, hata vitabu vya kiada, ambavyo nimeshughulika navyo maisha yangu yote, husomwa na jopo zima kabla ya kufika darasani. Lakini kile kijitabu kinachouzwa pamoja na mashine ya boti, kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na spana na plagi ya akiba, sijapata kusikia mtu amekikalia akakisoma kama maandishi, akauliza: Huyu mwandishi anafikiri vipi? Anamdhania msomaji wake kuwa nani? Anamfikisha wapi?

Nataka kukifanyia kazi hiyo leo, wala sitakigusa chote. Nitashika ukurasa mmoja tu, ule ulio karibu na mwisho wenye jedwali la hitilafu, na katika ukurasa huo nitashika mstari mmoja, unaohusu mashine kupungukiwa na nguvu. Ndugu msomaji asidhani nimeishiwa na mambo ya kuandika. Kitabu cha hadithi kikiwa kibaya, msomaji hukifunga akalala zake. Ukurasa huu ukiwa mbaya, msomaji wake huenda yuko nje ya mlango wa mto, maji yanatoka, kusi linavuma kinyume cha maji, na mashine aliyoitegemea kumrudisha nyumbani haipandi. Tena hata akirudi salama, mara nyingi kuna mtu mmoja pwani anayengojewa ili alaumiwe, naye ni fundi. Kwa hiyo mstari huu una mzigo mkubwa kuliko sura nyingi za vitabu nilivyowahi kusahihisha.

Kwanza nikieleze kitabu chenyewe kwa haki. Mashine ya kupachika nyuma ya boti si jambo la jana. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, alianza kuuza za kwake mwaka 1909, na Wajapani wa Yamaha walitoa ya kwao ya kwanza mwaka 1960. Tangu hapo mashine hizi zimeenea katika kila bahari na kila ziwa, na katika pwani yetu zile za mipigo miwili, zinazochanganya oili na petroli, zingali nyingi kwa sababu ni nyepesi, zina vyuma vichache, na fundi yeyote mwenye akili anaweza kuzifungua chini ya mwembe. Mwandishi wa kitabu, basi, anamwandikia mtu asiyemjua, katika nchi asiyoijua, juu ya mashine ambayo hajui itatunzwaje. Kazi hiyo si nyepesi. Michoro yake ni safi. Maonyo yake ya usalama yamewekwa mahali pake: zima mashine kabla ya kugusa propela, funga kamba ya usalama mkononi, usijaze petroli mashine ikiwa ya moto. Sehemu inayoeleza jinsi ya kuosha mashine kwa maji baridi baada ya chumvi ningeipa alama zote.

Ila tukifika kwenye jedwali mambo hubadilika. Nililonalo mimi lina safu tatu. Safu ya kwanza ni dalili, ya pili ni sababu, ya tatu ni dawa. Chini ya dalili ya kupungukiwa nguvu zimepangwa sababu zipatazo kumi na mbili: plagi chafu, plagi isiyo ya namba yake, filta ya mafuta iliyoziba, hewa kuingia katika mpira wa mafuta, kabureta kuziba, petroli mbovu, oili isiyofaa, propela kuharibika, majani kunasa katika propela, mashine kupata moto kupita kiasi, mzigo kupita kiasi, na kadhalika. Kila sababu hapo ni ya kweli. Mtahini hawezi kukata alama hata moja kwa kosa la habari. Hata hivyo nimelisoma mara nyingi, na kila mara naona lina kasoro tatu, nazo si za habari bali za namna ya kufikiri.

Kasoro ya kwanza ni kwamba jedwali halijui wakati. Chukua mashine tatu zilizopungukiwa nguvu. Ya kwanza imedhoofika polepole kwa muda wa mwaka mzima, kila mwezi kidogo. Ya pili ilikuwa nzima asubuhi, ikadhoofika ghafla adhuhuri katikati ya safari. Ya tatu ilikuwa nzima wiki iliyopita, ikapelekwa kwa fundi ifanyiwe sevisi, na siku ya kwanza ya kurudi majini haikupanda. Kwa jedwali hizi tatu ni mgonjwa mmoja, na zote zinapelekwa kwenye mstari uleule. Kwa mtu yeyote aliyewahi kuishi na mashine, hazifanani hata kidogo. Ile ya kwanza utafikiria ringi na silinda zilizolika, au chombo chenyewe kuota magugu na makombe chini. Ile ya pili utafikiria mafuta, maji yaliyoingia katika tangi, tundu la hewa la kifuniko lililosahauliwa likiwa limefungwa, au joto. Ile ya tatu huna haja ya kuanza na ugonjwa wowote. Mashine haikuugua, imeguswa. Swali la kwanza kwake ni nini kimeguswa, na swali hilo halimo katika jedwali popote.

Kasoro ya pili ni mpangilio. Nilipokuwa nikiwafundisha walimu wanafunzi kuandaa somo, nilikuwa nawauliza: Kwa nini hatua hii imetangulia ile? Mwanafunzi asiyekuwa na jibu alirudia maandalio yake. Jedwali hili nalo ningelirudisha. Sababu zake hazikupangwa kwa wingi wa kutokea, wala kwa urahisi wa kuzipima, wala kwa gharama. Kutazama kama tundu la hewa la tangi liko wazi ni kazi ya nukta mbili na haina senti moja, lakini kunaweza kukaa chini ya kufungua kabureta, ambayo ni kazi ya saa nzima yenye hatari ya kupoteza kijichuma kidogo mchangani. Msomaji naye, kwa kuwa amefundishwa shuleni kwamba orodha husomwa toka juu kwenda chini, hushuka nayo hivyohivyo.

Kasoro ya tatu ni ya maneno. Jedwali linachanganya mashine kukosa nguvu na boti kukosa mwendo, na haya ni mambo mawili. Mashine nyingi za aina hii hutakiwa, mkono wa mafuta ukifunguliwa mpaka mwisho na chombo kikiwa na mzigo wake wa kawaida, kufikia baina ya mizunguko 4,500 na 5,500 kwa dakika. Ikiwa inafika huko na boti bado inajikokota, nguvu ipo lakini inapotea njiani, pengine mpira wa ndani ya propela umeachia, au propela inazunguka katika povu badala ya maji mazito. Ikiwa haifiki huko, basi ama mashine haizalishi nguvu yake, ama imebebeshwa kazi inayoishinda. Mstari mmoja wa maelezo ungetenganisha mambo haya, nao haupo. Na penye propela jedwali langu limesema propela iliyoharibika, basi. Neno hilo moja, kuharibika, lilitaka kumharibia kijana mmoja jina lake, na sasa sina budi kueleza.

Ilikuwa Pangani, nami nilikwisha kustaafu. Mpwa wangu na wenzake wanne wanamiliki kwa pamoja boti ya faiba yenye mashine ya nguvu za farasi 15, silinda mbili. Kabla ya msimu waliipandisha mashine pwani wakampa fundi kijana aifanyie sevisi kamili. Akatia plagi mpya mbili, akafungua kabureta na kuiosha, akabadili filta ya mafuta, oili ya gia na impela ya pampu ya maji, akapaka grisi kila panapotakiwa. Akaiwasha ndani ya pipa la maji, ikaitika mara ya pili ya kuvuta kamba, ikalia vizuri, maji ya kupoza yakatoka kwa nguvu. Wote waliokuwapo wakaridhika.

Siku walipoitoa mtoni na nyavu ndani, haikupanda. Boti iliyozoea kuinua kifua na kuteleza juu ya maji ikawa inalima maji kama jahazi lililoshehena. Wakarudi. Fundi akaitwa. Kijana mwaminifu, akachukua kitabu akaanza juu ya orodha. Akatoa plagi akazitazama, akazirudisha, akanunua nyingine. Akamwaga petroli akatia mpya. Akafungua kabureta mara ya pili, kisha mara ya tatu. Akaanza kusema kwamba pengine pampu ya mafuta imechoka, na pampu hiyo haipatikani Pangani, iagizwe Tanga au Dar es Salaam. Siku tatu zikapita bila kuvua. Siku ya nne maneno yakaanza pale sokoni: kwamba fundi alipofungua kabureta alitoa vyuma vizima akatia vikuukuu, vile vizima akaviuza. Mmoja wa wenye boti akataka apelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa akalipe.

Mpwa wangu akaniletea kitabu, kwa kuwa kiliandikwa Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, na Kiswahili hamna. Nikawatafsiria mstari wote mpaka mwisho, fundi mwenyewe akiwa amekaa upande, kimya. Nilipomaliza akauliza, "Mwalimu, baada ya hapo kinasema nini?" Nikamwambia, "Kinasema umpelekee wakala." Akainamisha kichwa, maana wakala wa karibu hakuwa karibu hata kidogo.

Hapo ndipo nilipoomba daftari. Nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja nikaandika kila kitu ambacho fundi alikigusa tangu siku ile mashine ilipokuwa nzima mara ya mwisho. Upande wa pili nikataka kuandika kila kitu kilichoguswa na mtu mwingine yeyote. Upande wa kwanza ukajaa. Upande wa pili wote wakasema hakuna kitu. Nikawaambia wafikiri tena: tangi ni lilelile? Mpira wa mafuta ni uleule? Mzigo je? Wakasema ni vilevile. Ndipo kijana mdogo kuliko wote botini, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasema, "Na propela je, babu? Si ilibadilishwa?"

Kumbe mashine ilipokuwa pwani, nahodha aliona propela ya zamani imemeguka ncha ya jani moja kwa kugonga mwamba, akanunua nyingine kwa mtu, mpya, inang'aa, akaifunga kwa mkono wake. Hakuwa na nia ya kuficha. Hakuitaja kwa sababu hakuihesabu kuwa sehemu ya sevisi, na fundi alipoiona mpya akaipita, kwa sababu kitabu kilimwambia atafute propela iliyoharibika na hii haikuwa na mkwaruzo.

Tukazileta zote mbili mezani tukasoma namba zilizopigwa chapa. Namba ya kwanza, yaani upana, ilikuwa sawa. Namba ya pili ilikuwa inchi 9 katika ile ya zamani na inchi 12 katika ile mpya. Namba hiyo ya pili ndiyo hatua ya propela, maana yake ni umbali ambao ingesonga mbele katika mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu kama ubao na propela ikaingia kama skrubu. Hatua ndefu ni kama gia kubwa ya baiskeli. Katika boti nyepesi na mashine yenye nguvu utakwenda kasi, lakini ukipanda nayo mlima na gunia nyuma, miguu haizunguki. Kanuni wanayoitumia mafundi ni kwamba kila inchi moja ya hatua inayoongezwa hupunguza mizunguko baina ya 150 na 200 kwa dakika. Inchi tatu basi ni kama mizunguko 450 mpaka 600, na kwa mashine ndogo iliyobeba nyavu na watu, hiyo inatosha kuizuia isifike kamwe mahali inapotoa nguvu yake. Ndani ya pipa, gia ikiwa haijaingizwa, propela haina kazi yoyote, na kwa hiyo mashine ililia vizuri na kila mtu akadanganyika.

Wakaifunga ile iliyomeguka. Boti ikapanda. Gharama ya matengenezo hayo ilikuwa pini moja ya kuzuia nati.

Nimeeleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo ni rahisi kulikosea kwa pande zote mbili. Wale wenye boti walikuwa na hoja: mashine ilikuwa nzima kabla ya fundi, mbovu baada ya fundi, basi mbaya ni fundi. Wanamantiki wamelionya kosa hili tangu zamani, kwamba "baada ya" si sawa na "kwa sababu ya". Lakini fundi naye, kwa kukifuata kitabu, alikosea kwa upande wa pili. Aliacha kabisa kuuliza nini kilitokea kabla, akaitafuta mashine ugonjwa kana kwamba imezaliwa jana. Wa kwanza walijua historia wakaifanya hukumu. Wa pili aliitupa historia yote. Njia iliyo sawa ni kuichukua historia nzima, pamoja na ile ambayo hakuna aliyeihesabu, na kuitumia kama orodha ya mashahidi wa kuhojiwa mmoja mmoja.

Wala simaanishi kwamba fundi huwa hana kosa. La hasha. Mashine ikidhoofika mara baada ya sevisi, mara nyingi sababu iko katika kazi ya sevisi yenyewe, na msomaji mwenye boti afadhali azijue njia zake. Plagi mpya inaweza kuwa si ya namba iliyotakiwa, au nafasi ya cheche haikupimwa, au kauri yake ilipata ufa ilipokazwa. Waya wa plagi unaweza kuwa umekaa juujuu tu bila kushika. Filta iliyofunguliwa inaweza kufungwa na mpira wake umekunjika, ikanyonya hewa badala ya mafuta. Kabureta iliyooshwa inaweza kurudishwa na uchafu katika kijitundu kikuu, au boya lake limepinda kidogo na mafuta yanakuwa pungufu. Na iko moja ambayo hukaa kimya kuliko zote: zile fimbo na kebo zinazounganisha mkono wa mafuta na kabureta, na katika mashine nyingi zinasogeza pia wakati wa cheche. Zikirudishwa zikiwa zimepungua urefu kidogo, mashine itawaka vizuri, itatulia vizuri, lakini ukifungua mpaka mwisho yenyewe haifungui mpaka mwisho.

Mengi ya haya yanapimika bila kununua kitu. Mashine ikiwa imezimwa, mtu mmoja azungushe mkono wa mafuta mpaka mwisho na mwingine achungulie kabureta kama kile kisahani cha njia ya hewa kimelala wazi kabisa. Tangi na mpira wa boti ya jirani vikiazimwa kwa nusu saa, lawama ya mafuta itathibiti au itaondoka. Kile kibofu cha kubonyeza nacho kinasema: kikinywea chenyewe, kuna kizuizi baina yake na tangi, mashine ikipata uhai kila unapokibonyeza, basi mafuta hayafiki kwa kujitegemea, ama kwa sababu ya pampu ama kwa sababu ya hewa inayoingia. Baada ya mwendo wa kazi, zima, toa plagi zote mbili uzilinganishe. Zikiwa na rangi ya kahawia zote, silinda zote zimefanya kazi. Moja ikiwa imelowa na nyingine kavu, umekwisha kujua silinda ipi ililala. Ile desturi ya kuchomoa waya wa plagi mashine ikiwa inazunguka siipendi, kwani inaweza kumpiga mtu shoti na kuua sehemu za umeme ambazo ni ghali kuliko plagi mia.

Kuhusu mafuta, najua wazee wenzangu watasema kwamba wa kwanza kushukiwa ni muuza petroli. Shuku hiyo ina historia. Kuna miaka ambayo petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ilikuwa tatizo kubwa Tanzania, ndiyo maana mwaka 2010 ukaanza utaratibu wa kutia mafuta vinasaba ili yaliyochakachuliwa yatambulikane, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili tofauti ya bei isiendelee kuwa kishawishi. Kwa hiyo petroli nayo iandikwe katika daftari: ilinunuliwa wapi, lini, na ilichanganywa na oili kiasi gani. Lakini iandikwe kama shahidi miongoni mwa mashahidi, si kama mshitakiwa aliyekwisha kuhukumiwa.

Nadhani mwandishi wa kile kitabu, kama angenisikia, angejitetea. Angesema: Mzee, mimi sipo Pangani, siwezi kujua jana kulitokea nini kwenye boti yenu. Naandika sababu zote zinazowezekana, na kazi ya kuchagua ni yenu. Angeongeza kwamba kitabu cha mafundi ni kingine, kikubwa, na hiki ni cha mwenye boti tu. Utetezi wake una uzito, lakini haunitoshi. Daktari naye hajui jana ya mgonjwa, ndiyo sababu anauliza, na swali lake la mwanzo ni "Ilianza lini?" Mwandishi asiyeweza kujua jana ya msomaji anaweza angalau kumwachia nafasi ya kuiandika. Mistari mitano mitupu juu ya jedwali ingetosha. Na kwa kuwa kitabu ni cha mwenye boti, ndiyo maana hasa kingefaa kumwuliza mambo anayoyajua yeye kuliko fundi yeyote, yaani maisha ya chombo chake.

Mhakiki anayebomoa bila kujenga hufanya nusu ya kazi. Mimi ningelianza jedwali kwa maswali manne kabla ya safu zozote. Mashine ilikuwa nzima lini mara ya mwisho, na ulijuaje? Tangu siku hiyo kimeguswa nini, na mtu yeyote, awe fundi, nahodha au mtoto? Ukifungua mpaka mwisho, je, mashine inashindwa kuzunguka, au inazunguka na boti haiendi? Kati ya vilivyoguswa, kipi kinaweza kurudishwa kama kilivyokuwa leo hii bila gharama? Chini ya maswali hayo ningeweka amri mbili. Badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, ujaribu majini, ndipo uende kwa kingine. Na kila kilichotolewa kwenye mashine kihifadhiwe katika mfuko mpaka mashine ithibitike, kwa faida ya mwenye boti na kwa kinga ya fundi. Ule mfuko wa vyuma vikuukuu ni ushahidi bora kuliko kiapo. Kama kijana yule angekuwa nao, uvumi wa sokoni usingepata mguu wa kusimamia.

Maana, ndugu msomaji, nguvu ya mashine ilirudi alasiri ileile, lakini jina la kijana lilichukua muda mrefu zaidi. Wenye boti walifurahi, wakatoka kuvua, na sikumsikia hata mmoja akisema waziwazi kwamba walimsingizia. Nahodha alimpelekea samaki, na kwa desturi zetu hilo ni neno, lakini samaki huliwa ndani ya nyumba moja na uvumi ulikuwa umezunguka mji mzima. Kwa miezi kadhaa wako waliopeleka mashine zao kwingine.

Walimu tunaujua mwendo huu. Darasa likishuka katika mtihani, hutafutwa mwalimu aliyelishika mwisho, na hakuna anayepiga mstari katikati ya ukurasa akauliza mwaka ule kulibadilika nini kingine: vitabu vilifika lini, watoto walihamishiwa darasa gani, njaa ilikuwa kiasi gani. Nimekaa katika vikao vingi vya namna hiyo, na nimeona walimu wazuri wakihamishwa kwa hoja ileile iliyotaka kummaliza fundi wa Pangani.

Kitabu cha mashine ninacho bado, mpwa wangu aliniachia. Nimebandika karatasi ndani ya ukurasa wa jedwali, yenye yale maswali manne kwa Kiswahili na nafasi ya kuandika majibu. Nakala nimempa fundi. Ameniambia kwamba sasa haanzi sevisi yoyote kabla mwenye boti hajakaa naye wakaandika pamoja mashine imekuja ikiwaje, na siku ya kuichukua wanaandika tena, wote wawili wakatia sahihi. Wengine humcheka, wanasema anafungua ofisi. Yeye anaendelea kuandika.